Mkwe Mwenye Spana

Nakuwekea dau jogoo wangu, yule mwekundu anayewika kabla ya adhana, kwamba habari hii hutaiamini. Nimeisimulia Bondeni, wakacheka. Nimeisimulia Ndandalo, wakasema Mikidadi ameanza tena. Hata Yasini, ndugu yangu wa tumbo moja tunayeuza naye spea, aliniambia nikamtafute mjinga mwingine wa kumdanganya. Haya, jogoo yuko hapo. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipoona namaliza maneno kabla yake, lakini uongo sikufundishwa popote.

Mwenye habari hii ni Lucy, mama Andrea, wa Bujonde. Ukimkuta leo barabarani na ungo wake wa mchele utampita tu. Mwanamke wa kawaida kabisa, mfupi, ana mwanya, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Sasa mwangalie hicho kiganja. Kucha zina weusi ambao sabuni haiutoi. Ni oili.

Lucy hakuzaliwa Bujonde. Yeye ni Mkisi, mtoto wa ziwani kule chini ya milima, ambako mitumbwi inaondoka na vyungu na kurudi na mahindi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, bibi yake mfinyanzi, na yeye alianza kukanda udongo kabla hajaota meno ya ukubwani. Ndiyo maana ukimpa nati aishike, haiangalii. Anaizungusha kwa kidole gumba kama anasawazisha mdomo wa chungu, halafu anakwambia, "Hii imelika. Nipe nyingine." Na kweli imelika. Mimi nilikuwa najifanya sijaona.

Alikuja Bujonde kuolewa na Yusto, mtoto wa Mzee Enoki. Na hapo ndipo inapoingia ile mashine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka lililokuwa na kiberiti na sabuni ya kipande likajaa redio, baiskeli, mitumba, kila takataka ya dunia. Sisi ambao babu zetu walitoka pwani na chumvi na kanga tulishika soko la Kyela kwa mikono miwili, na mimi, usinibishie, nilikuwa wa kwanza kuuza mkanda wa pawatila mji mzima. Pawatila unaijua. Trekta dogo la kutembea nalo, injini mbele, visu vinachimba, na wewe nyuma umeshika mikono yake miwili kama mtu anayeburutwa na ng'ombe mwenye kichaa.

Mzee Enoki alikuwa na ng'ombe. Mnyakyusa na ng'ombe wake, jamani, ni afadhali umtukane yeye. Mzee akawapeleka mnadani wote, akabakiza mmoja wa maziwa, akarudi kutoka Tunduma na pawatila nyekundu, mtumba, imekaa juu ya lori kama bibi harusi. Wazee wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini. "Enoki, utaikamua hiyo?" Yeye anaifuta vumbi. Lakini ng'ombe wake wote sasa walikuwa ndani ya injini ile. Ikifa, wamekufa wote kwa pamoja. Yeye alilijua hilo, na kila mtu Bujonde alilijua.

Akaniita nimfundishe Yusto. Nilikuja na spana zangu, nikaifungua mashine barazani, nikafundisha kama profesa. Yusto alikuwa amesimama hapo na macho wazi, lakini ndani amelala. Mkewe alikuwa pembeni anaosha vyombo, ametupa mgongo.

"Haya Yusto," nikamwambia, "asubuhi, kabla hujaipiga hendeli, unaangalia nini kwanza?"

Yusto akaangalia mbingu.

"Oili," ikatoka sauti kwenye vyombo.

"Nimemuuliza mumeo."

"Mwulize basi. Mimi nimemaliza kuosha."

Mwaka haukuisha, Yusto akaenda Tunduma kwenye malori. Alikuwa anarudi sikukuu, na redio, na maneno mengi. Mashine ikabaki kwa Lucy. Mzee Enoki analima nayo, Lucy anaitunza. Sasa sikiliza jinsi alivyoitunza, maana mimi nimeona mafundi wenye vyeti na hawafanyi hivi. Ikirudi shambani anaiosha matope ikiwa bado ya moto. Anatoa majani yaliyojisokota kwenye shafti ya visu, moja moja, kwa kisu cha jikoni, kwa sababu majani yale yakikaa yanakata sili, ule mpira wa kuziba, na oili ya gia boksi inavuja. Dizeli anaichuja kwa kitambaa. Spea ndogo ndogo anaziosha kwenye chungu alichofinyanga mama yake, na ole wako utie mboga kwenye chungu kile. Halafu kuna chujio la hewa. Injini ile inavuta hewa kupitia chujio la waya kama steeluzi ya kusugulia sufuria, na chini ya chujio kuna kikombe. Kikombe kinatiwa oili kidogo, vumbi linanasa pale. Lucy alikuwa anakiosha kikombe kile kama sahani ya mgeni.

Akija dukani kwangu ni vita.

"Ugonile, Mswahili."

"Ndaga, mama Andrea. Leo umekuja kununua au kunitesa?"

Anachovya kidole kwenye kopo la oili, ananusa, anasugua kwa gumba. "Hii umechanganya."

"Mimi? Haki ya Mungu!"

"Usimwapie Mungu kwa ajili ya oili. Toa ile ya nyuma ya pazia."

Ninatoa ile ya nyuma ya pazia. Yasini anacheka mpaka anatoka nje.

Sasa, kuna kitu lazima ukijue, maana bila hicho hutaelewa kilichotokea. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sio kwamba wamegombana. Ni heshima. Mke haingii nyumbani kwa mkwe wake, hamtazami, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani, anajifunika, anangoja mzee apite. Wengine waliosoma na wa makanisani siku hizi wamelegeza. Mzee Enoki alikuwa wa kanisani mbele kabisa, na kwenye hili hakulegeza hata uzi. Lucy naye, Mkisi wa watu, aliishika kuliko wenyeji.

Kwa hiyo fikiria. Watu wawili, mashine moja, na hawajawahi kuonana uso. Mzee akikaribia banda anakohoa tokea mbali. Lucy anaweka spana chini, anapitia nyuma. Mzee anaondoka na mashine. Jioni anairudisha, anakohoa tena, anakwenda zake, Lucy anatokea. Nilikuwa nawatania: "Nyie mnalea mtoto mmoja kama mchana na usiku." Maneno ya mashine yalikuwa yanapita kwa Mama Neli, mke wa mzee. Lucy anamwambia, "Mama, mwambie mkanda wa kulia umelegea, asipakie mizigo." Mama Neli anabeba, anafikisha. Mzee anasema, "Mwambie gia ya pili inalia." Mama Neli anarudi nalo. Bibi wa watu hakujua mkanda ni nini wala gia ni nini, lakini hakuwahi kudondosha neno hata moja.

Basi mwezi wa tatu, mvua zimekolea, Mama Neli akapata msiba upande wa Matema. Dada yake. Akafunga mzigo akaenda, na misiba ya huku huendi ukarudi kesho.

Mawasiliano yakakatika.

Mzee Enoki alikuwa amebakiza shamba moja, lile la chini karibu na mto, la mpunga wa mwisho. Siku moja anaandaa mashine akaona kikombe cha chujio la hewa kimepungua oili. Angemwuliza mtu, lakini wa kumwuliza ni yule ambaye haruhusiwi kumwuliza. Lucy yuko jikoni, hatua chache tu, anamsikia anavyohangaika na vifuniko, na hawezi kutoka. Aliniambia baadaye kwamba alisikia kifuniko cha kikombe kinafunguliwa akajua kabisa ni kipi, kwa mlio. Akasimama mlangoni. Akarudi ndani. Mzee akaingia stoo, akatoka na chupa.

Mafuta ni mafuta, si ndiyo? Huku kwetu michikichi inaota kama magugu, mawese yako kila nyumba. Mzee akajaza kikombe mawese. Akajaza mpaka juu, kwa ukarimu.

Mimi siku hiyo nilikuwa napeleka mkanda mpya Bujonde kwa baiskeli. Mvua ilikuwa imepiga milimani tangu alfajiri, halafu ikaja kwetu, halafu ikaacha, ikabaki manyunyu na baridi ya kushangaza. Nilipofika karibu na kwa Mzee Enoki nikakuta watu wanahamisha mali. Wanaume wanaswaga ng'ombe kwenda barabara ya juu, akina mama wamebeba magodoro kichwani. Mto umevunja kingo upande wa juu.

"Mswahili, geuza baiskeli!" jamaa mmoja akanipigia kelele, ameshika ndama shingoni.

"Mzee Enoki yuko wapi?"

"Shambani. Mashine imemgomea. Tumemwambia aiache, hasikii!"

Nikatupa baiskeli, nikashuka mbio. Nilimkuta katikati ya shamba lake, matope magotini, ameinama kwenye hendeli ya kuwashia anaizungusha. Injini inageuka, inatoa moshi mweusi mzito, pfu, inakufa. Kwa mbali, mwisho wa shamba, niliona kitu kinachong'aa kinakuja taratibu kwenye matuta. Maji. Hayakuwa na kelele hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Ilikuwa inalima vizuri," mzee akasema, hana pumzi. "Mvua ikaja, nikaizima, nikajikinga. Kurudi haitaki. Tuisukume."

Tukasukuma. Pawatila na matope, ni kama kusukuma kanisa. Haikusogea.

"Achia fundi, mzee," nikamwambia. "Hii ni nozo."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye Mikidadi au siye? Moshi mweusi, haishiki, ni nozo. Imeziba."

Nikatoa spana, nikafungua nozo, kile kidude kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini. Nikaipuliza, nikaifuta kwa shati langu, nikairudisha, nikatoa upepo kwenye mrija wa dizeli. Kazi safi. Ukiniuliza mimi, nozo ile ilikuwa inahitaji kusafishwa vilevile. Lakini nilipoinua kichwa maji yalikuwa yamefika kwenye visu vya nyuma.

"Sasa angalia mwanaume anavyopiga hendeli," nikasema. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Hendeli ikarudi nyuma kama teke la punda, ikanikuta kifundo cha mkono. Nilisikia kitu kinasema ka ndani ya nyama. Nikakaa kwenye maji.

Mzee akanitazama. Akatazama maji. Akaweka mkono juu ya tangi la dizeli kama mtu anayemshika ng'ombe mgonjwa paji la uso. "Basi," akasema kidogo sana. "Basi, mwanangu. Nenda juu."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa nayo."

Nikajua hatanii. Nikaanza kupiga kelele kuita watu, na watu wote walikuwa barabara ya juu na ng'ombe wao. Aliyekuja ni mmoja. Lucy. Alikuwa anakimbia kwenye tuta na spana mkononi, kanga kichwani, na alipofika kwenye migomba ya pembeni ya shamba akasimama ghafla kama amegonga ukuta. Akageuka, akatupa mgongo. Mzee naye akageuka kwa upande wake. Maji yanakuja, na hawa wawili wamepeana visogo, na mimi katikati nimeshika mkono wangu uliovimba.

"Fundi!" Lucy akaita huku anaangalia migomba. "Inatoa moshi gani?"

"Mweusi!"

"Inanukiaje?"

"Inanukiaje? Mama Andrea, kuna mafuriko hapa!"

"Nusa!"

Nikanusa. "Inanukia... inanukia kama mama anakaanga mihogo."

Lucy akajipiga paja. Halafu, "Mwulize ametia nini kwenye kikombe cha hewa."

Nikamgeukia mzee. "Anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie mawese."

"Mawese!" nikapiga kelele.

"Nimesikia!" Lucy akajibu, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha maji yale. "Yameganda! Yalipanda kwenye waya yakiwa ya moto, injini ikapoa, yameganda huko juu. Haivuti hewa. Fungua chujio lote, toa, tupa!"

Nikajaribu. Mkono mmoja hauwezi kitu. Boliti imejaa matope, spana inateleza. Mzee akaja akajaribu, lakini yeye boliti ile hakuwahi kuifungua maishani. Akaizungusha upande wa kukaza.

"Anakaza!" Lucy akalia bila kugeuka. Sijui alijuaje. Kwa mlio, nadhani. "Mwambie anakaza!"

Maji yakafika nusu ya gurudumu.

Hapo mzee akasimama. Akaitazama mashine kwa muda ambao mimi niliona ni mwaka mzima. Kwenye mpini wa mashine alikuwa amening'iniza gunia, la kujikinga mvua. Akalitoa. Akalikung'uta mara moja, akalivaa kichwani, likamfunika mpaka mabegani. Akageukia nilipokuwa, kipofu kabisa, mikono mbele.

"Mwambie aje," akasema ndani ya gunia. "Mimi sioni. Mwambie nimesema aje."

Nilimwambia. Lucy akageuka pole pole. Alipoona mzee wa kanisa, mzee wa ng'ombe, mzee ambaye Bujonde nzima inamsimamia, amesimama kwenye maji na gunia kichwani kama kinyago cha kufukuzia ndege, akavuta kanga yake mpaka kwenye nyusi, akainamisha macho kwenye mashine, na akaja. Hakuangalia upande wa mzee hata mara moja. Nitaapa kwa hilo.

Boliti ilifunguka kwenye kidole chake kama imemngoja. Akang'oa chujio lote na kikombe chake. Ndani ya waya mawese yamekaa rangi ya machungwa, mazito kama samli ya baridi, hata upepo wa mdomo usingepita. Akalirushia mbali kwenye tuta. Akafungua kanga ya pili kiunoni, akaiinua juu ya shingo ile ya kuvutia hewa kama paa, manyunyu yasiingie. Mkono mwingine akashika kile kikono cha juu ya injini kinachoachia pumzi, ili hendeli iwe nyepesi kuanza.

"Zungusha, fundi."

"Mkono wangu umevunjika."

Akakitazama kifundo changu, akasema neno la Kikisi ambalo silijui na sitaki kulijua. Akanikabidhi kanga na kikono, akajaribu mwenyewe. Asubuhi kukiwa kavu huwa anaipiga bila tabu. Lakini kwenye matope yale miguu ilikuwa inakimbia chini yake, injini inageuka mara moja, inakaa. Akajaribu tena, akaanguka kwa goti. Maji yakawa yanalamba chini ya injini.

Mimi nikamtazama Lucy. Lucy akatazama chini. Wote wawili tulijua ni nani aliyebaki na mikono.

"Mzee," nikasema, "ni wewe."

Nikamshika kiwiko kwa mkono wangu mzima, nikamwongoza kuzunguka mashine, nikamwekea kiganja kwenye hendeli. Aliipapasa kama anasalimiana nayo. Lucy alikuwa upande wa pili, kanga juu, kidole kwenye kikono, mdomo ameubana. Katikati yao ilikuwa ni ile injini tu, ambayo ukinyoosha mkono unaivuka.

Shida ni kwamba kazi ile inataka wakati. Hendeli inaanza kwa upole, inaongeza, inaongeza, na ikishapata mbio ndipo kikono kinaachiwa. Ukiachia mapema hendeli inakurudi, kama ilivyonifanya mimi. Ukichelewa nguvu inakwisha. Anayezungusha na anayeachia lazima waelewane.

"Mimi nitahesabu," nikasema.

Mzee akaanza. Pole pole, halafu haraka, gunia linacheza kichwani, matope yanaruka. Nikasema, "Sasa!" Lucy akaachia. Injini ikatoa pfu, ikafa.

"Umeniwahisha, Mswahili," Lucy akasema huku ameuma meno.

Mara ya pili. "Sasa!" Pfu. Maji yakagusa puli ya mkanda, yakaanza kurushwa juu.

Mzee alikuwa anahema ndani ya gunia mpaka gunia linaingia na kutoka. Nilidhani amemaliza. Akainama tena. Hendeli ikaanza kwenda, nami nikafungua mdomo niseme, na kabla sijasema, Lucy akapasua sauti:

"Tata! Usiache! Bado! Bado! Zungusha tata! Haya!"

Akaachia. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikakohoa tena, halafu ikapiga tu-tu-tu-tu, kwanza kwa uvivu, halafu kwa nguvu kama inatutukana wote.

Hakuna aliyefurahi. Hilo ndilo la ajabu. Mzee aliganda na hendeli mkononi. Lucy akaziba mdomo kwa kiganja, macho yametoka. Alikuwa amemwita tata, yaani baba. Miaka yote ile, na neno la kwanza analompa baba mkwe ni la kumfokea.

Mimi ndiye niliyeokota akili. "Mtaomboleza barabarani! Gia!"

Lucy akarukia mikono ya mashine, akatia gia, visu vikachimba maji na matope, magurudumu yakashika. Akaenda nayo kuelekea kwenye tuta la barabara, kanga imelala juu ya shingo ya hewa anaishika kwa mkono mmoja. Mimi nikamshika mzee mkono, tukafuata ule mlio, yeye na gunia lake.

"Anatumia gia gani?" akaniuliza.

"Ya kwanza."

"Ndiyo." Tukatembea kidogo. "Asikate kona kali pale."

"Hakati."

"Ndiyo."

Tulipopanda barabarani watu wakatupisha wote, na ng'ombe wao. Lucy alizima mashine mahali pa juu kabisa, akaweka spana juu ya tangi, akaingia migombani. Hapo ndipo mzee alipovua gunia. Uso umelowa. Nadhani ni mvua. Nyuma yetu shamba lilikuwa ziwa.

Wote tulingoja atasema nini. Wapo waliotaka aseme kwamba heshima imevunjwa, ng'ombe mmoja aliyebaki achinjwe, sijui nini. Mzee Enoki akalikunja gunia vizuri, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani:

"Mimi sikuona mtu. Nilikuwa kwenye gunia."

Halafu akaelekea upande wa migomba, akaipa migomba mgongo, akashukuru kwa Kinyakyusa: "Na aliyesema na mimi, ndaga fijo."

Maji yalipopungua, mzee alikata mianzi, akasuka ukuta katikati ya banda la pawatila. Huku mnajua wenyewe, Mnyakyusa na mianzi. Upande mmoja mashine na Lucy, upande mwingine kigoda. Mchana akitoka shambani anakaa kwenye kigoda chake, Lucy anafanya kazi, na maneno yanapita kwenye matundu. "Hiyo umeifunga?" "Nimeifunga." "Oili ya kikombe?" "Oili, tata. Sio mboga." Nilimsikia kwa masikio yangu haya mzee anacheka. Mama Neli alirudi kutoka msibani akakuta amepoteza kazi yake, akalalamika wiki nzima. Gunia liko msumarini bandani, kwa siku ya dharura. Hata Yusto akija na redio yake haruhusiwi kuligusa.

Mimi mkono ulipona, umepinda kidogo. Nenda Bujonde kaone ukuta, kaone gunia, na ukiamini, rudi uchukue jogoo wako.

Ila nozo ilikuwa safi tangu mwanzo. Niliposema ni nozo, nilikosea.